Chupa Iliyorudi Imejaa

Mama yangu mpendwa,

Huko uliko, najua umeshamchunguza jirani yako na kuuliza kwa nini anatabasamu sana. Hapa Kalemie wanaokufahamu bado wanakukumbuka kwa sura yako ile ya kutoamini, jicho moja limekunjwa, mkono kiunoni. Sura hiyo nimeirithi mimi. Juzi fundi mwenzangu wa kushona alinicheka kwa sababu nilikipima upya kitambaa alichokwisha kukipima yeye, tena mbele ya macho yake.

Unakumbuka nilipokuwa nasoma shule ya msingi kule Mpala? Kila nikirudi ulinisimamisha mlangoni kabla sijaweka mfuko chini. Ulininusa mdomo, ukanibonyeza tumbo, ukageuza pindo la sketi yangu. "Nani alikaa karibu na weye? Mwalimu alisema nini? Na sasa unacheka nini?" Wenzangu walipita wakitutazama. Nilikuchukia kidogo kila mchana, halafu nikala chakula chako na kusahau.

Siku moja ulishika vidole vyangu ukavigeuza. "Kalamu haichafue kucha hivi," ulisema. Asubuhi iliyofuata ulikwenda shuleni na kikapu chako cha majani ya sombe kichwani, ukakuta madawati matupu. Ulitufuata hadi kwenye shamba la mwalimu, ambako darasa zima lilikuwa linampalilia mihogo. Hukufoka. Ulimwambia kwa upole ambao ulitutisha sote, "Mwalimu, nimekuja kuangalia namna hesabu inaota." Niliona haya mpaka masikio yakanichoma, lakini tangu siku ile tulisoma.

Nakuandikia kwa sababu ya Zawadi, mjukuu wako uliyemwacha bado anabebwa mgongoni tulipokuzika. Sasa yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi, miguu mirefu, maneno machache. Kila asubuhi namjazia chupa ya maji niliyoyachemsha mwenyewe, maana kipindupindu kimerudi mtaani kwetu na mimi simwamini mtu yeyote na maji yake. Basi ile chupa ikaanza kurudi imejaa. Midomo ya mtoto imekauka, kichwa kinamuuma, akifika anabugia maji kikombe baada ya kikombe huku amesimama.

"Shuleni hukunywa?"

"Sikusikia kiu, Mama."

Na joto hili, Mama, mtoto anayeruka kamba mchana kutwa asisikie kiu? Nilishuku malaria, nikampeleka kupimwa, hana. Nilishuku sufuria yangu, nikaisugua kwa mchanga. Nilishuku rafiki yake mmoja mwenye macho ya ujanja, kwamba amemtisha. Mwisho nikamshuku mwalimu wake, binti mpole kupita kiasi, nikajiuliza upole ule anauficha nini. Zawadi nilimuuliza kwa kubembeleza, nikamuuliza kwa ukali, akawa anatazama vidole vya miguu yake tu.

Nikafanya kama wewe. Nilichukua sketi moja ya sare niliyokuwa nimeishona, nikajifanya naipeleka, nikaingia shuleni wakati wa mapumziko. Nilisimama kando ya ukuta.

Vyoo vilikuwa vimefungwa kwa kufuli. Mbele yavyo alikaa mlinzi wa shule, mzee mmoja, ufunguo mkononi, pipa la maji yenye dawa ubavuni. Tangu ugonjwa uingie, ndiyo kazi aliyopewa: vyoo visichafuliwe, maji yasimwagwe ovyo. Mwenye haja ndogo anapewa kopo la maji, mwenye haja kubwa anapewa ndoo. Kwa hiyo kila mtoto lazima aseme kwanza.

"Ndogo ao kubwa?"

Mtoto alijibu kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, mimi sisikie muzuri."

Mtoto akasema kwa nguvu, na foleni nzima ikarudia kwa kuimba. Wavulana walikuwa wameshautungia wimbo huo mdundo na makofi. Nilitafuta wasichana wakubwa kwenye foleni ile, sikuona hata mmoja. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha darasa, wametulia kuliko watoto wanavyotulia, na Zawadi wangu katikati yao.

Nilimtazama yule mzee kwa muda mrefu, nikitafuta ubaya usoni mwake. Sikuuona. Alikuwa anapima maji kwa uangalifu kabisa, kama mtu anayepima dawa. Hilo halikunituliza, na mpaka leo nikimwona napunguza mwendo nimtazame vizuri.

Mkuu wa shule alinipokea kwa heshima. "Mama Zawadi, maji ile njo afya ya watoto. Tukiacha wazi, kesho tutazika mutu."

"Papa Direkta," nikamwambia, "na mutoto mwenye anaogopa kunywa maji tangu asubuyi, ule njo mwenye afya?"

Akamwita mwalimu wa mwaka wa nne. Yule binti akasema kwamba wasichana wake wanasinzia saa za mwisho, naye alidhani ni njaa. Alipoelewa, alifunika mdomo kwa mkono. Nikaanza kumwamini, kidogo. Tukakubaliana: mlango ubaki wazi, mabidoni yaliyojaa maji yawekwe ndani, mtoto atumie bila kuulizwa, akitoka amkute mwalimu kwenye maji ya kunawa. Wazazi tutasaidia kujaza pipa kwa zamu. Mkuu alikubali haraka mno, nikashuku.

Ndiyo maana kesho yake nilirudi. Mlango ulikuwa wazi kweli, mabidoni yalikuwa ndani. Lakini mzee alikuwa bado amekaa palepale, kiti kimeelekea chooni.

"Papa, geti inalindwa na nani?" nilimuuliza. Akacheka, akainua kiti chake, akaenda getini. Nilisubiri mpaka akakaa. Na maji ya wazazi wenzangu nayanusa kabla hayajamiminwa; wapo ambao najua wanayachota ziwani moja kwa moja.

Mchana ule chupa ilirudi tupu. Nilidhani ameimwaga njiani ili ninyamaze, nikamsimamisha mlangoni nimtazame midomo. Hapo Zawadi akalia. Alisema amekunywa, amekunywa yote, kwa nini simwamini. Halafu akaniambia kwamba kuna siku alishindwa kujizuia njiani, akaingia mtoni na sare yake ili nidhani ameteleza. Siku ile naikumbuka. Mimi, binti yako, nilimkausha nywele nikamwambia awe anatazama anapokanyaga.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeenda kule, Mama. Wote wangekuona."

Jambo hilo nalijua tangu Mpala. Uliniumiza moyo, Mama, na ulikuwa sahihi, na yote mawili nilikuwa nimeyafanya kwa mtoto wangu katika juma moja. Nilimkumbatia, nikarudi kwenye mashine yangu ya kushona ili asione uso wangu.

Baadaye akaja akasimama nyuma yangu. "Mama, leo umekula?"

"Nimekula."

Alinitazama kwa jicho moja limekunjwa. Akaenda jikoni, akafunua sufuria, akaona bonge la bukari halijaguswa na visamaki vya ndagala vimetulia kama nilivyovipika. Akarudi na sahani, akaiweka juu ya kitambaa cha watu, akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Kula nikuone."

Tangu uondoke, Mama, hakuna mtu aliyewahi kutoniamini namna ile. Nilikula mpaka sahani ikawa tupu, na yeye hakuondoa macho.

Wasalimu ulio nao, na uwaangalie vizuri. Huku kwetu tunaangaliana.

Binti yako,
Mama Zawadi