Doa la Njano kwenye Koti Lako

Baba,

Mama alimaliza eda jana, Ijumaa. Alioga, akavaa gauni la bluu ulilokuwa ukilipenda, na kabla hata chai haijapoa akaniambia Jumapili nimpeleke msituni, kwenye lile benchi tulilokuwa tukipumzika mimi na wewe. Baba, benchi gani?

Wewe ndiye uliyeanza. Daktari alipokukataza chumvi na soseji kwa sababu ya presha, ukamwahidi Mama kwamba kila Jumapili tutapanda tramu mpaka Auderghem, pembeni ya jiji, tukatembee msituni. Tulitembea mara moja tu. Ya pili tukawakuta wale vijana wanacheza besiboli kwenye uwanja wa karibu na msitu, ukasimama kutazama, tukakaa kwenye ubao pembeni ya wavu wa uwanja, na msitu tukausahau.

Mchezo wenyewe hatukuuelewa hata siku moja. Ulikuwa unawashangilia wote, hata aliyetolewa nje. Raha yako ilikuwa ndani ya chupa ya chai: soseji za ng'ombe za yule Mturuki wa mtaani kwetu Schaerbeek, zimelala kwenye maji ya moto. Mikate laini kwenye mfuko, kachumbari kwenye kopo, haradali juu. Ulikuwa unakula umefumba macho. "Mwanangu, hii ndiyo dawa," ulikuwa ukisema, nami nacheka, nakuongezea ya pili.

Siku ile haradali ilipodondokea mkono wa koti, ukamwambia Mama ni ua la msituni limekusugua. Akakuamini, maskini. Sasa koti lile halifuliwi. Limetundikwa sebuleni, na kila mgeni anayekuja kuhani anaonyeshwa lile doa la njano. Halafu Mama ananishika bega: "Huyu ndiye aliyemtunza baba yake. Hata chumvi hakumwonjesha." Wageni wananiombea dua. Nami nimesimama pale na sahani ya tende, sina pa kutokea. Nikinyamaza, mimi mwongo. Nikisema, namnyang'anya Mama lile doa, na ndilo alilobaki nalo.

Daktari hakusema ni soseji zilizokuua. Hakusema pia kwamba si zenyewe. Sikumuuliza, niliogopa. Nilizinunua mimi, Baba. Kwa mkono wangu. Kuna siku nakukumbuka mpaka nakukasirikia, umekwenda zako na uongo wetu umeniachia niulee peke yangu.

Leo asubuhi nilikwenda kutafuta benchi, kweli kabisa. Nikazunguka msituni nikichagua la kumdanganyia Mama. Nikapata moja zuri, linapigwa na jua. Nikakaa. Nikajiona nitakuja hapo kila Jumapili ya maisha yangu, nikimwonyesha maua ambayo hukuyaona. Nikainuka nikarudi nyumbani.

Kesho nitamkalisha kwenye ubao wetu, pembeni ya wavu. Nitamwambia kwanza, ndipo nifungue chupa. Akitaka kunipiga, anipige. Akilia, nipo. Nakuahidi sitakusukumia lawama zote, ingawa ungestahili kidogo.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akulaze pema. Soseji nimenunua mbili, moja ya Mama, moja yangu. Yako sikununua. Daktari alikukataza.

Bintiyo,
Zuhura