Jina Limetangulia

Jumatatu, 6 Machi 1972
Magauni mawili ya ubatizo yamekwisha. La tatu mkono umekataa. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi, na mimi nakabwa na matezi. Kola hazifungi tena. Fundi mzima, natembea shingo wazi mtaa wote wa Nyalenda. Kesho hospitali. Sitaki kwenda.

Jumanne, 7 Machi
Ni saratani. Daktari hakuzunguka, na kwa hilo namshukuru. Ipo dawa ya zamani, inasaidia baadhi ya watu. Ipo mpya, na hakuna anayejua kama inaishinda ile. Wanatafuta wagonjwa wa kuijaribu. Ukikubali, inapigwa kura, na kura ndiyo inayosema utapata ipi. Daktari mwenyewe hachagui. Ukikataa, unapewa ya zamani, na hakuna atakayekununia.
Mimi ndiye niliyenuna. Nilimwuliza, kama yeye hajui, ajue nani? Akasema, "Ndiyo sababu tunauliza, Mama."
Nimpe jibu Jumanne ijayo. Naogopa. Basi, nimeshaandika.

Alhamisi, 9 Machi
Sijui nianzie wapi. Nilikuwa napiga pasi. Ouma, mwanangu, akatokea mlangoni kutoka nyumbani kijijini, Luanda Kotieno. Hakupiga hodi, hakusalimu. Alinitazama miguu kwanza, kisha uso, kisha akakaa chini kwenye vumbi na kulia.
Mkewe amejifungua msichana. Mtoto alilia mfululizo na kukataa ziwa. Wakaita majina ya wafu wetu, kama tufanyavyo siku zote, maana mtoto hutulia akisikia jina la yule aliyemjia. Waliita la mume wangu, la mama mkwe, ya watu waliokufa mimi sijaolewa. Kilio kile kile. Ndipo shangazi mmoja, kwa kuchoka tu, akasema Aloo. Kimya. Akanyonya.
Aloo ni mimi.
Jina la aliye hai haliitwi pale. Walikuwa na habari kwamba naumwa, kwa hiyo wote wakajua nimekufa hospitali na habari iko njiani. Ouma alikuja kuchukua maiti. Gari la kukodi lilikuwa nje, nyuma limetandikwa turubai.
Nilimpa chai. Hakuigusa. Nikamweleza habari ya daktari na kura yake. Akatikisa kichwa. "Mama, hiyo maneno ya dawa wacha tu. Mtoto ameshasema."

Ijumaa, 10 Machi
Nimeshona kutwa. Nimeharibu kitambaa cha watu.
Nikikubali kujaribiwa dawa nife, watasema nilishindana na nilichoambiwa. Nikikataa nife, watasema si tulijua. Mimi mwenyewe hakuna anayeniuliza.
Nitakwenda kumwona huyo mtoto.

Jumamosi, 11 Machi
Nimesafiri kwa gari lile lile. Nilikaa mbele, na turubai nikaamuru likunjwe. Njiani, Otonglo, tulisimama kununua sukari na sabuni ya mzazi. Dereva hakunitazama hata mara moja.
Nyumbani wanawake walikuwa wakichambua dagaa. Hakuna aliyenipa mkono. Chakula changu kiliwekwa mezani, wao wakala nje.
Kulia kwa nyumba yangu amelala mume wangu. Kushoto, upande anaozikwa mke, majani yamefyekwa. Urefu wa mtu. Sikuuliza nani amefyeka. Nimeona aibu, kama mgeni aliyewahi kufika wenyeji hawajafagia.

Jumapili, 12 Machi
Wengine walikwenda kanisani. Nilibaki na mkaza mwanangu na mtoto. Akaanza kulia. Nikampokea. Nikaita wafu wote niliowajua, mmoja mmoja, kwa sauti ya kubembeleza. Alizidi. Jasho lilinitoka. Nilitamani sana anyamaze kwa jina lolote lingine.
Nikasema Aloo.
Alinyamaza katikati ya kilio. Akafungua macho. Mtoto wa wiki moja haangalii kitu, najua, nimezaa. Huyu aliniangalia shingoni.
Nikampapasa shingo yake. Laini. Hakuna kitu. Nikarudia, kushoto na kulia, mpaka mama yake akasema kwa woga, "Mama, unatafuta nini hapo?"
Nikamrudishia mtoto wake. Jina amechukua, achukue, sina ugomvi. Lakini kama jina linakwenda na shingo?

Jumanne, 14 Machi
Nimemwambia daktari ndiyo. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba huenda dawa mpya isinifae. Nimeelewa. Nilimwuliza moja tu: miaka ikipita, akija hapa Aloo mwingine na matezi kama haya, mtakuwa mnajua mumpe ipi? Akasema ndiyo, au angalau watajua ipi wasimpe.
Hilo linanitosha. Ouma amekasirika. Amekaa nje ya lango la hospitali, haingii.

Jumatano, 15 Machi
Kura imeangukia dawa mpya. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Dawa ya sindano ni baridi, inapanda mkono taratibu. Mvua imeanza, inanuka ziwa. Ouma ameingia hatimaye, amekaa kwenye kiti, amesinzia.
Asubuhi nesi alisimama mlangoni mwa wodi akaita, "Aloo!" Niliitika haraka, kwa nguvu, hadi shingo ikauma. Nisije nikachelewa, akaitika yule mwenzangu mchanga.