Makofi Nane Koridoni

Mwenzangu, kwenye mizani mimi huwa sikosei, unanijua.

Sasa sikia. Mwalimu wa mashindano kanirudishia shairi langu la Kiingereza. Kila mstari uwe na mizani nane, eti wangu wa tatu una saba. SABA! Na leo ndiyo mwisho. Nikikosa, nafasi anachukua mpwa wake. Umeiona hiyo?

Ugomvi ni neno "fire". Mimi nahesabu mbili, fa-ya. Yeye anasema moja. Moja!! Hiyo "ya" kaimeza nani? Hapo nikanusa njama.

Nikamuuliza, "Mwalimu, na za mpwa wako unahesabu hivi hivi?"

Akajifanya anapanga karatasi mezani. Nikajua nimemshika pabaya. Nikamalizia, "Mimi kila neno nalipigia makofi. Makofi hayana mjomba."

Kumbe mama wa usafi yuko mlangoni na ufagio wake.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa ukipiga makofi koridoni asubuhi? Hiyo faya, mstari wa kwanza uliipigia kofi moja. Wa tatu ulipopungukiwa, ukaipigia mawili. Tena ukacheka, ukasema, 'Nani atajua?'"