Nilimgeuza Baba Macho

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefika mwisho wa akili zangu.

Mimi ni fundi wa picha, nina studio ndogo, mikono hii imeshafuta makovu ya watu na kuwafumbua macho waliofumba. Miaka sita iliyopita baba yetu, siku moja kabla ya kufanyiwa upasuaji, alitaka apigwe picha na mama na sisi watoto wake wawili, na mimi ndiye niliyetumwa kumpigia simu kaka yangu, lakini siku zile tulikuwa tumekosana, alikuwa amenikaripia mbele ya wateja wangu kwamba namuuguza baba kizembe, basi nikanuna, sikumpigia, nikamwambia baba kaka amesema ana kazi nyingi. Baba hakuamini. Alikaa kwenye kiti na koti lake, kila nikisema niitegeshe kamera ananiambia, "Subiri kidogo mwanangu, yule atakuja tu," tukasubiri karibu saa nzima mpaka mama akasema mgonjwa amechoka, piga. Kesho yake baba hakuamka kutoka kwenye ule upasuaji.

Mama, akiamini kaka alikataa kuja, hakumuuliza kitu, ila baada ya mazishi akawa analia kwamba picha ina pengo, nami nikamtoa kaka kwenye picha ya harusi yake nikambandika nyuma ya kiti cha baba, na kwa kuwa baba kwenye picha zote alikuwa anaangalia mlangoni, nikamgeuza macho yatazame mbele. Kaka alipoiona ukutani alisema tu kwamba nimeitengeneza vizuri. Kumbe moyoni akaweka kwamba baba mwenyewe ndiye hakutaka aitwe.

Sasa mama anapoteza kumbukumbu, na muuguzi ametushauri kila Jumapili tukae naye, kila mtu achague picha anayoipenda asimulie siku ile ilivyokuwa. Mama hachagui nyingine, ni hiyo hiyo, anasimulia jinsi kaka alivyochelewa akaingia anahema na baba akacheka, na kaka anasikiliza ameinamisha kichwa. Jumapili iliyopita alinifuata jikoni nikiosha vikombe akaniuliza, "Hivi siku ile baba aliniulizia?" Mshauri, sijui ulimi wangu ulikuwaje, nikamjibu, "Hapana, hakukutaja." Akafuta kikombe kimoja taratibu, akasema Jumamosi atapita studio nimpe picha halisi, ile ambayo yeye hayumo, amechoka kujitazama mahali ambapo hakuhitajika.

Picha halisi nilizopiga siku ile ninazo zote kumi na nne. Nizifute niseme zimepotea, au na hizo nimgeuze baba macho? Sili, silali, mteja akiniambia nimrekebishe picha namwambia arudi kesho.

Fundi wa Picha

JIBU

Fundi, pole kwa kufiwa na baba. Kwa hayo mengine sikupi pole.

Kununa hununa kila mtu, hata mimi ninaye ndugu niliyemnunia mwaka mzima kwa jambo la kipuuzi. Kwa ile simu ningekuonea huruma, ulikuwa na hasira na hukujua baba hatarudi. Lakini jikoni hasira ilikuwa wapi? Mtu mzima amekaa na swali miaka sita, amejikaza akakuuliza, jibu lilikuwa neno moja, nawe ukamnyima. Halafu unaniandikia mimi nikuchagulie uongo mwingine. Umenikosa, dada yangu.

Usifute hata moja, na macho ya marehemu usiyaguse tena. Zichapishe zote kumi na nne kama zilivyo, uzitie kwenye bahasha. Usimngoje Jumamosi, maana studio utapata mteja wa kujifichia. Nenda kwake leo. Usianze na habari za alivyokukaripia, hiyo kesi imeshapita. Mwambie hivi: "Sikukupigia simu. Baba alikungoja karibu saa nzima, na mimi nilimdanganya." Mpe bahasha, unyamaze. Usimlilie, asije akaanza kukubembeleza wewe wakati msiba ni wake. Akikufukuza, ondoka. Asipotaka kukuona Jumapili, mwachie yeye nafasi kwa mama, wewe nenda siku nyingine.

Mama mwache na picha yake. Yeye siku hiyo anaiona nzuri, na wa kumsahihisha usiwe wewe.

Kama atakusamehe, sijui, na wala hukuniuliza. Ninachojua ni kwamba baba yako aliingia chumba cha upasuaji huku mwanawe hajaja, na hakuna namna tena ya kumwambia kwamba mwanawe hakuitwa. Kwa huyo umeshachelewa. Aliyebaki wa kuambiwa ni mmoja, na anakaa mahali unapopajua. Funga studio uende.