Teke la Ng'ombe

Busawe, Serengeti
Agosti 1979

Kaka yangu Werema,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na miguu ya mama imepungua kuuma. Sisi huku tunapumua. Mtama wa shamba la kijiji tumeuvuna, ingawa panya walitutangulia.

Barua yako nimeipata. Unataka nirudi hospitali ya misheni wanikate taya mara ya pili, kidevu kirudi nyuma kabla wakwe hawajaanza maneno. Umechelewa, kaka, tena una uso mkavu.

Daktari alituambia wote wawili. Mfupa ameurudisha nyuma, lakini ulimi na misuli bado vitausukuma mbele, kwa hiyo nyaya alizofungia meno zisiguswe mpaka azifungue mwenyewe, na kila mwaka nirudi anitazame. Wewe ulikuwa na haraka. Ulitaka kumwoa Felista, na ng'ombe wa kumwolea wangetoka kwenye mahari yangu. Ukasema bibi harusi asiyeonja ugali wa mama mkwe ataitwa mchawi. Ukazikata nyaya kwa koleo, ugali nikaula kwa machozi. Kovu la upasuaji ukawaambia wakwe ni teke la ng'ombe. Na hospitali ukanikataza, wasije wakauliza naenda kutibiwa nini.

Mwanzoni nilipendeza, sikatai. Halafu taya likaanza kurudi lilikotoka, polepole, msimu hadi msimu. Leo meno ya chini yameyapita ya juu kama zamani, na nyama naitafuna kwa magego tu. Heche, mume wangu, aliona. Alidhani ni lile teke.

Aliyetuumbua ni binti yangu Rhobi. Kadiri anavyokua, kidevu chake ni kile changu cha utotoni. Juzi baba mkwe alimshika uso, akamgeuzia kwenye mwanga, akasema mbele ya wazee:

"Teke la ng'ombe halirithiwi."

Akaniuliza kama nilizaliwa hivi. Nikajibu ndiyo. Nikawaeleza yote, hata koleo. Ningeweza kukufichia, sikutaka. Nimechoka, Werema.

Wameamua hivi: ng'ombe wa mahari wakirudi wote, naondoka na Rhobi. Akipungua hata ndama, mimi naondoka, Rhobi anabaki kwao. Watakuja kwako Jumamosi. Najua zizi lako ni tupu, ng'ombe wote ulimpa baba yake Felista. Nenda ukamwombe awarudishe.

Msalimie mama. Wifi Felista umsomee barua hii wewe mwenyewe, kisha umsaidie kufunga mizigo yake.

Ni mimi dada yako,
Ghati