Bandari ni Bega

Matrah, Maskati
3 Novemba 2024

Kwa Ami Enock,

Shikamoo. Ni mimi Zuwena, binti wa marehemu Sleyum, yule uliyesoma naye Makerere kisha akakuleta kwetu kufanya kazi bandarini. Natumai barua hii itakukuta una nguvu, na baridi ya huko haijakugandisha ndevu. Anwani nimepewa na binti yako Leah, naye kanionya kwamba moyo wako siku hizi hautaki purukushani. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo.

Ami, nina haja. Nafanya kazi katika makumbusho mapya ya bandari, yatakayofunguliwa Februari. Kwenye ukuta wa kuingilia utachongwa msemo mmoja. Tumeupata katika kile kijitabu cha mwaka 1974 mlichotunga wewe na Baba, cha kuwaeleza watu waliokuwa wakirudi kutoka Unguja jinsi bandari ilivyokuwa ikiuinua mji. Nakala iliyobaki ni ya mkono wa Baba, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waliotusomea wametupa hivi: "Wahenga wa Matrah walisema, bandari ni bustani." Mkurugenzi ameupenda mno. Wachoraji wameshaanza maua.

Tatizo ni kwamba nimewauliza wazee wote wa hapa, hakuna aujuaye. Umebaki wewe. Niandikie mistari miwili tu, kwamba ni msemo wa mabaharia wa kale, tuumalize.

Mwanao,
Zuwena


Blaine, Minnesota
21 Novemba 2024

Mwanangu Zuwena,

Marahaba. Moyo wangu mkorofi, lakini unapiga. Nimefurahi kusikia ulimi wa mamako bado unafanya kazi. Mwambie nilimwogopa tangu ujana wake. Mimi nipo kwa Leah, katika nyumba mpya zinazofanana mpaka mbwa hukosea mlango. Asiyeendesha gari huku ni kiti tu. Leah anarudi kutoka hospitalini na swali lake lile lile, "Baba, ume-take dawa?" Namjibu dawa ndizo zimeni-take mimi. Barua hii nimeiandika kwa mkono, na mjukuu wangu Stacy, anayesoma chuo kikuu hapa, ataipiga picha na kukutumia. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

Sasa hiyo haja yako. Mistari miwili sitakuandikia. Nitakuandikia mingi, na sidhani kama hata mmoja utampendeza mkurugenzi wako.

Kwanza, si bustani. Ni bega. Bandari ni bega. Andika "bega" kwa herufi za Kiarabu, kama alivyoandika babako, utapata be na ghaini. Mpe asiyejua Kiswahili, atasoma "bagh", na bagh kwa Kiajemi ni bustani. Hivyo ndivyo mmetoa maua kwenye bega la mtu.

Pili, wahenga hawakusema kitu. Wahenga ni mimi.

Nilifika Matrah mwaka 1972. Miaka michache kabla ya hapo, Maskati ilikuwa ikifunga malango yake usiku, na aliyetembea baadaye sharti abebe taa. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini meli zilikuwa zikitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa ufukweni kwa matishari. Mchele, saruji, vitambaa, vyote viliingia mjini juu ya mabega ya watu waliokuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Tende na ndimu kavu zilitoka kwa njia hiyo hiyo. Kisha ikajengwa bandari ya kina kirefu na kreni zake, na mji ukapaa. Shule, hospitali, barabara, benki. Mimi nilikuwa mchumi kijana mwenye suruali ya kupigwa pasi, kazi yangu kuueleza muujiza huo.

Nje ya lango la forodha kulikuwa na mwanamke mtu mzima aliyechukua maji kuyapeleka kwenye maghala. Mjini walimwita Zafarani. Siku ya kwanza aliponisikia nikimtania babako kwa Kiswahili, alitua debe lake.

"We, mtu wa wapi?"

"Rabai, Mama. Mombasa huko."

"Rabai!" Akanishika mkono. "Mama yangu alichukuliwa huko akiwa mtoto. Mimi nimezaliwa hapa hapa, nyumbani kwa watu. Hilo la Zafarani ni lao. Jina alilonipa mama ni Mbodze."

Jina la bibi yangu, Zuwena. Nilikuwa sijalisikia tangu nivuke bahari.

Nikawa nampitia kila siku. Siku moja nikajitia kumfundisha. Nikamwambia bandari mpya itakuwa mlango wa nchi. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mlango! Mlango umebeba nini maisha yake? Bandari ni bega, mwanangu. Meli huja na kwenda zao. Bega linabaki na kidonda."

Nikaliandika. Lakini ningeweka jina lake, ofisi ingefuta maneno pamoja na jina. Sheria ilikuwa imewapa watu waliozaliwa utumwani kama yeye uhuru miaka michache tu nyuma. Midomo ya watu ilikuwa haijapata habari. Kwa hiyo nikayakabidhi maneno kwa wahenga, maana wahenga hawafukuzwi kazi. Nilidanganya, na kwa hali ile ningedanganya tena. Siombi radhi.

Ninachotaka ni hiki. Futa bustani, andika bega, na chini yake weka jina: Mbodze, mchukuzi wa maji wa Matrah. Nataka kusikia limechongwa kabla sijazikwa. Ukitaka sahihi yangu, nipe hilo.

Ami yako,
Enock


Matrah
9 Desemba 2024

Ami mpendwa,

Shikamoo tena. Leah kaniambia ulilazwa wiki nzima na ukawakatalia madaktari mpira wa puani. Nilitaka kukukemea, nikakumbuka wewe ni nani.

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Kisha nikaenda kwa mkurugenzi. Bega amekubali, baada ya kumletea wazee watatu wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wote wakasema bega, na mmoja akamcheka. Jina amekataa. Anasema haliko kwenye kumbukumbu yoyote, wageni wa meli za kitalii wataanza kuuliza habari za utumwa, na sisi tunafungua makumbusho ya biashara. "Zuwena," akaniambia, "wahenga hawamuudhi mtu."

Ami, nimepata bega. Si nusu ya safari? Nina watoto wawili shuleni na kazi hii niliihangaikia. Turidhike, tafadhali.

Mwanao,
Zuwena


Blaine
4 Januari 2025

Zuwena mwanangu,

Marahaba. Mwandiko umepinda, usinicheke. Hawa wauguzi wa kuja kuniangalia nyumbani ni wapole sana, na upole ule ndio unaonijulisha nilipofika. Jana mmoja aliniuliza kama nina jambo lolote la kumalizia. Nikamwambia ninalo, liko Matrah. Akadhani nimechanganyikiwa. Akaniongezea blanketi.

Nilikwambia siombi radhi. Hiyo ilikuwa kweli kwa ofisi, kwa mkurugenzi wako na kwa wahenga. Kuna mmoja sikumtaja, na hilo nililiacha kwa makusudi. Leah anajua kipande. Babako alijua chote, na ndiyo maana miaka ya mwisho tulikuwa tunaandikiana salamu za sikukuu tu.

Kijitabu kilipotoka, nilimpelekea Mbodze nakala, pale pale langoni. Alifuta mikono kwenye kanga. Hakujua kusoma.

"Maneno yangu yamo?"

"Yamo, Mama."

"Na jina? Lile la mama yangu, si lile lao?"

Babako alikuwa kando yangu. Nikakishika kidole cha Mbodze, nikakiweka juu ya neno "wahenga", nikakipitisha taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Hili hapa," nikamwambia. "Mbodze."

Alikiacha kidole pale. Kisha akawaita wachukuzi wenzake waje waone jina lake. Nao wakaona, maana hata wao hawakujua kusoma. Babako aligeuka akaenda zake. Mimi nikabaki nikipongezwa.

Aliondoka duniani akiamini yumo kitabuni. Ofisi niliidanganya kwa werevu. Yeye nilimdanganya kwa woga, na woga huo niliuita heshima kwa miaka yote hii. Sasa unaniambia nusu ya safari. Bega lisilo na mwenyewe ni nyama ya buchani, Zuwena. Sitatia sahihi. Waambie yule mzee wa Rabai amekataa, na atakufa amekataa. Mizigo ya biashara imeshahamishiwa bandari ya Sohar, hapo pamebaki meli za watalii na picha zao. Basi angalau ukuta useme kweli, maana ukuta ndiyo kazi pekee iliyobakia bandari ile.

Uongo ule nataka uwe kweli. Sina haja nyingine.

Watoto wako na kazi yako navijua. Leah kanifokea: "Baba, utamfutisha mtu kazi ukiwa kitandani!" Yuko sahihi. Hata hivyo nakuomba.

Ami yako,
Enock


Matrah
17 Februari 2025

Ami wangu,

Shikamoo. Sijaona jibu la salamu zangu za Januari wala hizi za juzi, nami naogopa kumpigia Leah. Kwa hiyo nakuandikia kama kwamba unanisikia.

Nilipeleka maneno mimi mwenyewe kwa mchonga mawe. Sikumwonyesha mtu. Aliniuliza, "Hili jina ni la wapi?" Nikamjibu, "La hapa."

Tulifungua Jumatano. Pazia likaanguka mbele ya wageni, kamera na mkurugenzi, na jiwe likasema, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili chetu: Bandari ni bega. Mbodze, mchukuzi wa maji wa Matrah. Maua yamebaki pembeni, rangi ilikuwa imeshalipiwa. Mkurugenzi alitabasamu kwa meno tu. Angefanya nini, watu walikuwa wanapiga makofi.

Mama nilimleta kwa kiti cha magurudumu. Akanivuta ushungi.

"Mbodze ndiye nani?"

"Yule Zafarani, Mama."

"Zafarani? Aliyeniletea maji siku ya harusi yangu?" Akaniashiria nimsogeze karibu na jiwe. Kisha akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Kumbe alikuwa na jina!"

Jumatano hii nimeitwa kujieleza. Nitakwenda nimevaa vizuri. Picha ya jiwe nimeiambatisha. Itazame kwa karibu.

Mwanao,
Zuwena


Minneapolis
2 Machi 2025

Kwa Anti Zuwena,

Shikamoo. Mimi ni Stacy, mjukuu wa Ami yako. Hii ni barua yangu ya kwanza ya Kiswahili. Kama kuna makosa, nivumilie. Mama Leah hajambo, analala sana. Tunakuuliza hali, wewe na watoto, na Mama yako wa magoti.

Babu alitutoka Ijumaa tarehe 14. Barua yako iliingia siku ya tatu.

Tulimzika kwa theluji. Watu wa makaburi walileta kitoroli cha kusukuma jeneza. Nikasema hapana. Mjomba Zadock akaniambia, "Msichana, hilo ni jambo la wanaume na njia inateleza." Nikamwambia, "Uncle, shika mbele, mimi nashika nyuma." Tulimbeba sita. Bega langu la kushoto bado linauma na nimekataa dawa.

Anti, nina kitu nataka kukiri, kwa sababu barua zote za Babu nilizipiga picha mimi na nilizisoma.

Usiku wa Alhamisi macho yake hayakuwa yanaona tena. Aliniuliza, "Wamechonga?" Sikujua. Ulikuwa hujaandika kuhusu jina. Nikamwambia, "Ndiyo, Babu. Jina liko." Akasema, "Nionyeshe." Nikashika kidole chake, nikakipitisha juu ya blanketi, herufi moja moja, M, B, O, D, Z, E, mpaka mwisho. Alikiacha pale.

Niliumia sana, kwa sababu nilijua nimefanya nini na nani alikifanya kabla yangu. Kisha picha yako ikaja. Nimeangalia tarehe. Jiwe lilifunguliwa Jumatano, na mimi nilimwambia Alhamisi.

Walikuambia nini siku ya kujieleza? Wakikufukuza, niandikie. Nitawaandikia mimi, kwa Kiswahili hiki hiki.

Mjukuu wake, na wako,
Stacy