Barua za Wasomaji wa Inspekta Kobe

Jumapili, 4 Mei

Barua tisa leo. Nimemsomea Baba zote, maana macho yake yameshakwenda. Wasomaji wanasema Inspekta Kobe, mpelelezi wa riwaya zake, alichoka tangu kitabu cha kumi, sasa kafufuka. Cha kumi na saba ndicho bora kuliko vyote! Baba akatabasamu. Utu uzima dawa, kasema.

Vitatu vya mwisho nimeviandika mimi. Kila asubuhi anatamka sura ile ile ya kwanza, maiti ile ile kwenye lifti, halafu anasinzia. Mimi naendelea kuchapa. Kitabu kikitoka anapapasa jalada, basi. Hajawahi kuniomba nimsomee.

Jumatano, 7 Mei

Mchapishaji kapiga simu. Anataka cha kumi na nane kabla ya Agosti. Nikajikaza, nikamwambia nina cha kwangu kabatini, kwa jina langu. Akacheka — si kwa ubaya, ndiyo maana imeniuma zaidi. Eti wasomaji wanamtaka Mzee, mimi nani ananijua?

Nina miaka arobaini na mbili. Binti wa kufungua mlango.

Alhamisi, 8 Mei

Barua moja nimemficha Baba. Imetoka kwa muuguzi mstaafu, ana vitabu vyote kumi na saba. Anasema Kobe wa zamani hakujua hata jiko linawashwaje. Wa sasa kamnasa muuaji kwa kutazama tu sufuria ya maharage ilivyoungua. Aliyeandika haya amewahi kusugua sufuria, anasema. Si Mzee. Atakuja Jumamosi; Baba nimemwambia tu kuna msomaji anakuja kumwona.

Nimeisoma mara nne, chooni, mlango nimeufunga kwa komeo. Kuna mtu kaniona! Nikalia kama mtoto.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeamua. Namwambia huyo muuguzi leo, liwalo na liwe. Siwezi kuozea humu.

Saa kumi. Naandika jikoni. Mgeni yuko sebuleni, mama mnene mchangamfu, kitabu mapajani. Kanishika mkono mlangoni, hakuuachia upesi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo — Baba akaniita chumbani nimfunge tai.

Kavaa suti. Akanivuta karibu, akaninong'oneza.

"Mwanangu, nisitiri. Hicho cha kumi na saba — muuaji ni nani?"

Kumbe anajua! Tangu lini?

Ameketi ukingoni mwa kitanda, ananisubiri. Nimemwambia ngoja kwanza nitazame chai.